Kichupa Kilichotumika Hakirudi: Hesabu ya Uwezekano wa Kuchota Bila Kurudisha na Matumizi Yake katika Tiba

Utangulizi

Kazi nyingi za tiba ni kazi za kuchota kutoka katika akiba. Mkunga huchukua kichupa cha dawa kutoka katika boksi. Mfamasia huteua vidonge vichache avipeleke maabara. Mtafiti huwagawa wagonjwa katika makundi mawili. Katika kila tendo la namna hiyo, kilichochukuliwa hakirudi mahali pake. Kichupa kilichovunjwa shingo kimekwisha, kidonge kilichosagwa maabara hakimezwi tena, na mgonjwa aliyekwisha kupangwa katika kundi la kwanza hawezi kupangwa pia katika kundi la pili. Katika hisabati, tendo hili huitwa kuchota bila kurudisha.

Makala haya yanaeleza namna ya kukokotoa uwezekano katika hali hiyo, kisha yanaonyesha kwa nini hesabu hii ina uzito katika maamuzi ya afya. Msomaji hahitaji maarifa zaidi ya kuzidisha na kurahisisha sehemu. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kila kinachotolewa hubadili hali ya vilivyobaki, na anayesahau badiliko hilo anaweza kuamini akiba isiyostahili kuaminiwa.

Kanuni ya msingi

Tutumie mfano wa oksitosini, dawa ya sindano ambayo hutolewa mara baada ya mtoto kuzaliwa ili kuzuia mama asitokwe na damu nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha uniti 10. Dawa hii huathiriwa na joto, na kwa kawaida hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ugumu wake ni kwamba dawa iliyopoteza nguvu kwa sababu ya joto huweza kubaki maji meupe maangavu kama ilivyokuwa awali. Macho hayatambui, maabara ndiyo hutambua.

Tuchukulie kwamba boksi lina vichupa 10, na kwamba vichupa 3 kati ya hivyo vimeharibika pasipo mtu yeyote kujua. Usiku mmoja wanajifungua kina mama wawili, na mkunga anachukua vichupa viwili, kimoja baada ya kingine. Je, kuna uwezekano gani kwamba vyote viwili ni vizima?

Kichupa cha kwanza: vizima ni 7 kati ya 10, hivyo uwezekano ni 7/10. Iwapo cha kwanza kilikuwa kizima, ndani ya boksi vimebaki vichupa 9, na vizima ni 6. Kwa hiyo uwezekano wa kichupa cha pili kuwa kizima ni 6/9. Tunazidisha:

7/10 × 6/9 = 42/90 = 7/15, yaani takribani 0.47.

Tazama kilichotokea. Asili ya sehemu imepungua kutoka 10 hadi 9 kwa sababu boksi limepungukiwa kichupa kimoja. Kiasi nacho kimepungua kutoka 7 hadi 6 kwa sababu kilichotoka kilikuwa kizima. Hiyo ndiyo kanuni yote: zidisha sehemu moja baada ya nyingine, na kabla ya kila hatua hesabu upya kilichobaki.

Matokeo mengine hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Uwezekano wa vichupa vyote viwili kuwa vibovu ni 3/10 × 2/9 = 6/90 = 1/15. Uwezekano wa kupata kimoja kizima na kimoja kibovu huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kuna njia mbili za kufika hapo: kizima kutangulia au kibovu kutangulia. Njia ya kwanza ni 7/10 × 3/9 = 21/90, na ya pili ni 3/10 × 7/9 = 21/90. Tukijumlisha tunapata 42/90 = 7/15.

Ni desturi njema kuhakiki hesabu kwa kujumlisha matokeo yote yanayowezekana: 7/15 + 1/15 + 7/15 = 15/15, yaani 1. Jumla isipofika 1 au ikipita 1, kuna njia iliyosahauliwa au iliyohesabiwa mara mbili.

Sasa turudi kwa kina mama wale wawili. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao atapata dawa isiyofaa ni 1 kutoa 7/15, yaani 8/15, au takribani 0.53. Ingawa vichupa vibovu ni chini ya theluthi moja ya boksi, uwezekano wa usiku ule kuwa na mama aliyekosa kinga unapita nusu. Njia hii ya kukokotoa kinyume cha jambo, kisha kukitoa katika 1, ndiyo nyepesi kuliko zote kila swali linaposema "angalau mmoja".

Nani achote kwanza?

Kabla ya kuendelea, yafaa kuondoa dhana moja inayozusha manung'uniko katika vituo vya afya. Tuseme zimeletwa nafasi 3 za matibabu maalumu, na wanaozihitaji ni wagonjwa 10 wenye hali inayolingana. Uongozi unaandaa vikaratasi 10, vitatu vikiwa na alama, na kila mgonjwa anachota kimoja bila kukirudisha. Wengi huona kwamba anayetangulia ana bahati zaidi, kwa kuwa vikaratasi vyenye alama bado vyote vimo. Wengine huona kwamba wa mwisho ndiye mwenye nafasi nzuri. Dhana zote mbili si sahihi.

Mchotaji wa kwanza ana uwezekano wa 3/10. Mchotaji wa pili anaweza kufaulu kwa njia mbili: wa kwanza alifaulu na yeye akafaulu, au wa kwanza alikosa na yeye akafaulu. Hesabu ni:

(3/10 × 2/9) + (7/10 × 3/9) = 6/90 + 21/90 = 27/90 = 3/10.

Ni sawasawa kabisa na wa kwanza. Ukiendelea hivyo hadi wa kumi, jibu halibadiliki. Foleni haimpi mtu faida wala hasara, almuradi vikaratasi vimechanganywa vizuri na hakuna anayeona ndani ya kikapu.

Hata hivyo kuna sharti. Usawa huo ni wa kabla ya matokeo kujulikana. Mara vikaratasi vitatu vyenye alama vinapokwisha kutangazwa, uwezekano wa waliobaki ni sifuri. Uchotaji ni ule ule. Kilichobadilika ni taarifa tuliyo nayo. Tofauti hii kati ya kutojua na kujua itatukabili tena tutakapofika kwenye majaribio ya tiba.

Ukimya wa sampuli ndogo

Sasa tugeukie swali zito zaidi. Boksi lina vichupa 20, na 2 kati yake vimeharibika, yaani asilimia 10. Mkaguzi anataka kujua kama boksi ni salama. Anachukua vichupa 5 kwa nasibu, anavipeleka maabara, na vyote vinaonekana vizima. Je, aidhinishe boksi?

Uwezekano wa kutokumbana na kibovu hata kimoja katika vichupa 5 ni:

18/20 × 17/19 × 16/18 × 15/17 × 14/16.

Namba 18, 17 na 16 zipo juu na chini, hivyo zinafutana. Kinachobaki ni (15 × 14) ÷ (20 × 19) = 210/380, takribani 0.55. Maana yake ni kwamba mkaguzi aliyepima robo nzima ya boksi bado atalikosa tatizo zaidi ya nusu ya nyakati. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Majibu mazuri ya sampuli ndogo ni kimya cha namna hiyo.

Aongeze basi. Uwezekano wa kutoona kibovu chochote hushuka hivi:

Akipima vichupa 5: 0.55
Akipima vichupa 10: 0.24
Akipima vichupa 15: 0.053
Akipima vichupa 16: 0.032

Ikiwa anataka uhakika wa asilimia 95 kwamba vibovu viwili vikiwamo atakiona angalau kimoja, uwezekano wa kukosa usizidi 0.05. Kumi na tano havitoshi, anahitaji 16. Na kwa kuwa kichupa kilichopimwa hakirudi, zahanati itabaki na vichupa 4 tu. Ukaguzi umekula akiba uliyokusudia kuilinda.

Linganisha na bohari lenye vichupa 2,000 vya toleo moja, ambamo 200 vimeharibika, yaani asilimia 10 ile ile. Ni vichupa vingapi vinahitajika ili kufikia uhakika ule ule wa asilimia 95? Watu wengi hukisia kwamba, kwa kuwa vichupa 20 vilidai 16, basi 2,000 vitadai 1,600. Jibu sahihi ni 29.

Sababu ni kwamba katika akiba kubwa, kutoa kichupa kimoja hakubadilishi sana uwiano wa vilivyobaki. Sehemu 1800/2000 na inayofuata, 1799/1999, zinakaribiana mno, na zote ni karibu sawa na 0.9. Ukizidisha 0.9 kwa yenyewe mara 29 unapata takribani 0.047, chini ya 0.05. Kwa hiyo, pale sampuli inapokuwa sehemu ndogo sana ya akiba, tuseme chini ya moja ya ishirini, mtu anaweza kukokotoa kana kwamba anarudisha, na kosa litakuwa dogo. Pale akiba inapokuwa ndogo, sharti ahesabu kila kilichobaki.

Mafunzo ya kiutendaji ni mawili. Kwanza, kinachotoa uhakika ni idadi halisi ya vilivyopimwa kuliko asilimia yake. Kauli kwamba "tumepima asilimia 10 ya kila boksi" inasikika vizuri, lakini kwa boksi la vichupa 20 ina maana ya vichupa viwili, na uwezekano wa kukosa tatizo letu ni 18/20 × 17/19 = 306/380, takribani 0.81. Pili, mahali pa kupima ubora wa dawa ni pale zilipo nyingi pamoja, kabla hazijagawanywa. Zikishafika zahanati katika maboksi madogo, hakuna sampuli inayoweza kuzithibitisha bila kuzimaliza. Toka hapo kinga ya mama haitegemei tena maabara. Inategemea jokofu linalofanya kazi, kipimajoto kinachosomwa kila siku, na daftari la joto linalojazwa kwa uaminifu.

Ni lazima tuongeze tahadhari. Vichupa 29 vinatosha kugundua uharibifu wa asilimia 10. Ikiwa vilivyoharibika ni asilimia 1 tu, yaani 20 kati ya 2,000, sampuli ya karibu vichupa 280 itahitajika kwa uhakika ule ule. Jambo adimu hudai utafutaji mkubwa.

Kanuni ya jumla

Kuzidisha sehemu moja moja huchosha namba zinapokuwa kubwa. Ipo njia fupi, nayo ni kuhesabu idadi ya njia za kuchagua bila kujali mpangilio. Tuandike njia(N, n) kumaanisha idadi ya njia za kuchagua vitu n kutoka katika vitu N. Kwa mfano:

njia(8, 4) = (8 × 7 × 6 × 5) ÷ (4 × 3 × 2 × 1) = 70.

Ikiwa akiba ina vitu N, na kati yake K vina sifa tunayoitafuta, na tunachota n, basi uwezekano wa kupata k hasa vyenye sifa hiyo ni:

[njia(K, k) × njia(N − K, n − k)] ÷ njia(N, n).

Kanuni hii huitwa mtawanyo wa haipajiometriki. Ijaribu kwa boksi letu la kwanza: kizima kimoja na kibovu kimoja ni [njia(3, 1) × njia(7, 1)] ÷ njia(10, 2) = (3 × 7) ÷ 45 = 21/45 = 7/15, kama tulivyopata awali.

Mfano uliopata umaarufu wa kanuni hii unahusu chai. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio, alieleza habari ya mwanamke aliyedai kwamba kwa kuonja tu anajua kama maziwa yalitangulia kumiminwa kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Jaribio lilipangwa hivi: vikombe 8, vinne maziwa yakitangulia na vinne chai ikitangulia, vikichanganywa kwa nasibu, naye ataje vinne ambavyo maziwa yalitangulia. Kama anabahatisha, uwezekano wa kuvitaja vyote vinne kwa usahihi ni 1 kati ya njia 70, yaani takribani 0.014. Kubahatisha vitatu kwa usahihi na kimoja kwa kosa kuna njia 4 × 4 = 16. Hivyo, uwezekano wa kupata vitatu au zaidi kwa kubahatisha ni 17/70, takribani 0.24. Kwa mtu wa kawaida vitatu kati ya vinne huonekana ushahidi mzito. Hesabu inasema karibu mtu mmoja kati ya wanne wanaobahatisha atafika hapo.

Kutoka kikombe cha chai hadi wodi ya kifua kikuu

Hesabu ya vikombe ingekuwa mchezo tu kama isingeweza kuhamishiwa wodini. Mwaka 1948, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu cha mapafu. Dawa hiyo, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ilikuwa adimu Uingereza wakati ule na haikuweza kumfikia kila mgonjwa. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa namba za nasibu: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipata mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa tiba ya kawaida. Baada ya miezi 6, waliofariki walikuwa 4 katika kundi la dawa na 14 katika kundi linganishi.

Je, yawezekana tofauti hiyo ni bahati tu? Tufikiri kama tulivyofikiri juu ya vichupa. Vifo vyote ni 18 kati ya wagonjwa 107. Tukichukulia kwamba dawa haikuwa na athari yoyote, basi hao 18 wangefariki popote walipopangwa, na kugawa makundi ni sawa na kuchota watu 55 kutoka katika 107 bila kurudisha. Kwa wastani tungetarajia kuwakuta kati yao 55 × 18 ÷ 107, yaani takribani 9. Walipatikana 4. Kwa kanuni ya jumla, uwezekano wa kupata 4 au pungufu ni takribani 0.0064, chini ya saba katika elfu moja. Ripoti yenyewe ilieleza kuwa uwezekano wa tofauti hiyo kutokea kwa bahati ni chini ya moja katika mia. Bahati haikuwa maelezo ya kuridhisha. Dawa ndiyo iliyokuwa imeokoa maisha.

Hesabu hiyo ina nguvu kwa sharti moja: uchotaji uwe wa nasibu kweli. Ndiyo maana mpangilio wa wagonjwa, ulioandaliwa na mwanatakwimu Austin Bradford Hill, uliwekwa katika bahasha zilizofungwa, na madaktari hawakujua yaliyomo kabla mgonjwa hajakubaliwa kuingia katika jaribio. Hapa linarudi lile sharti la vikaratasi. Tuseme watafiti wanapanga wagonjwa kwa mafungu ya wanne wanne, wawili dawa na wawili bila dawa. Kuna mipangilio njia(4, 2) = 6. Wagonjwa wawili wa kwanza wakipata dawa, na daktari akajua, basi wawili wanaofuata hawatapata, na hilo ni hakika. Daktari mwenye huruma anaweza kumchelewesha mgonjwa mahututi kidogo ili aangukie fungu lijalo. Nia yake ni njema, lakini makundi hayalingani tena, na namba 0.0064 inapoteza maana.

Njia hii ya majaribio ilifika pia Afrika Mashariki. Majaribio yaliyofanywa hapa kwa ushirikiano na Baraza lile la Uingereza, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1972, yalisaidia kuonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka mmoja na zaidi.

Mazoezi

1. Jokofu lina vichupa 12 vya chanjo, 4 kati yake vikiwa vya toleo la zamani. Muuguzi anachukua vichupa 3 bila kuangalia. Kuna uwezekano gani kwamba hakuna cha toleo la zamani?

2. Wauguzi 6, wanawake 4 na wanaume 2, wanapigiwa kura ili wawili waende mafunzoni. Kuna uwezekano gani kwamba watachaguliwa mwanamke mmoja na mwanamume mmoja?

3. Boksi la vichupa 50 lina kimoja tu kilichoharibika. Mkaguzi akipima 10, kuna uwezekano gani kwamba atakikosa?

Majibu: (1) 8/12 × 7/11 × 6/10 = 14/55, takribani 0.25. (2) (4/6 × 2/5) + (2/6 × 4/5) = 16/30 = 8/15. (3) 49/50 × 48/49 × … × 40/41; namba za katikati zinafutana na kubaki 40/50 = 4/5.

Hitimisho

Kuchota bila kurudisha hakuhitaji hisabati ya juu. Kunahitaji nidhamu ya kujiuliza, kabla ya kila hatua, kimebaki nini. Swali hilo humwonyesha mkaguzi kwamba vichupa 5 vizima si cheti cha boksi zima, humwonyesha mpangaji wa ugavi mahali panapofaa kupimia dawa, na humwonyesha msomaji wa ripoti ya utafiti kama tofauti anayoisoma ni ya kweli au ni ya bahati. Mtumishi wa afya anayeambiwa "tumepima, ni salama" ana haki ya kuuliza maswali mawili mafupi: mmepima vingapi, na kutoka katika vingapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayompa namba za kuanzia hesabu yake.